Kuandaa Land Cruiser kwa Safari ya Turkana: Mwongozo Kamili wa Gari, Mzigo na Njia

Barabara za kaskazini mwa Kenya huua gari kwa mambo mawili: uzito na mtikisiko. Bamba la springi linalokatika karibu na Baragoi, shokapu inayong'oka kabla ya South Horr, waya unaochubuka hadi kuunguza fyuzi ukiwa North Horr, mara nyingi vyote hivyo vilianza nyumbani, siku gari lilipobebeshwa kilo ambazo hakuna aliyezihesabu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye mizani, na winchi (mashine ya kuvuta gari lililokwama) na taa za juu tutazifikia baadaye, kama zitahitajika.

Mfano wetu ni Land Cruiser 78, ile ndefu yenye milango miwili ya nyuma, ikiwa na injini ya 1HZ. Injini hii ni ya dizeli, silinda sita kwenye mstari, ujazo wa cc 4,164, haina tabo (turbo) wala kompyuta ya kuisimamia. Faida yake kubwa ni kwamba fundi wa mji mdogo anaijua na spea zake zinapatikana. Ukiwa na Hilux au gari lingine la chasisi, kanuni ni zilezile, namba tu ndizo zitabadilika. Njia tunayoilenga ni Maralal, Baragoi, South Horr, Loiyangalani, North Horr, Kalacha hadi Marsabit. Ni kama kilomita 500 za changarawe, mawe ya volkano, mchanga na udongo wa chumvi.

Hatua ya kwanza: mizani

Fungua mlango wa dereva, utafute kibao cha mtengenezaji, usome uzito wa juu unaoruhusiwa. Uandike. Kisha lipeleke gari kwenye mizani ya kinu cha nafaka au ya wauza vyuma chakavu likiwa tupu na tanki zikikaribia kwisha. Pima gari zima, halafu pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Tofauti kati ya uzito wa gari tupu na namba ya kibao ndiyo bajeti yako yote.

Sasa hesabu mzigo wa watu wawili kama watu wengi wanavyoupanga: dizeli lita 180 ni kilo 150 hivi, kwa kuwa lita moja ina kilo 0.84. Maji lita 80 ni kilo 80. Watu wenyewe 160. Bampa ya chuma 65, winchi yenye kamba ya waya 40, keria ya paa 50, hema la juu ya paa 60, tairi la pili la akiba na rimu yake 38, friji ikiwa na chakula ndani 45, betri ya pili na paneli ya sola 45, zana na spea 60, vyombo, chakula na nguo 90. Jumla ni kilo 883, na bado hujaweka kiti wala meza.

Ukiondoa bampa ya chuma, winchi, keria na hema la juu, unaokoa kilo 215. Tunashauri uziondoe. Hema la kawaida la ardhini lina kilo tano au sita na linafanya kazi ileile. Winchi nayo inahitaji kitu cha kushikia, na katikati ya jangwa la Chalbi hakuna mti hata mmoja. Sepetu moja nzuri, vibao viwili vya kutokea mchangani na gari la pili la kufuatana nalo vitakusaidia zaidi. Hilo la gari la pili si pambo: usiende njia hii na gari moja.

Chini ya gari, kabla ya kununua chochote

Anza na injini. 1HZ inatumia taimingi belti ya mpira, na hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama umenunua gari mkononi na hujui ilibadilishwa lini, ibadilishe sasa pamoja na beringi yake ya kukazia. Ikikatika, pistoni hugonga valvu na safari imeishia hapo. Badilisha pia fenibelti na mipira yote ya rejeta iliyovimba au inayotoa sauti ya kukwaruza ukiibana kwa vidole. Ile mizee ambayo bado ni mizima usiitupe, ifunge uiweke kwenye spea.

Kisha ekseli ya mbele. Inua gurudumu moja kwa jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa. Mchezo ukiisha, beringi ndizo zilizolegea. Ukibaki, angalia sehemu ya kingpini (kiungo ambacho gurudumu la mbele hugeukia). Fungua habu (kitovu cha gurudumu), toa beringi, zioshe kwa dizeli, zikague kama zina rangi ya bluu au vishimo, zipake grisi mpya hadi ndani ya viviringo. Nati ya habu inahitaji soketi ya milimita 54. Soketi hiyo nunua yako na uende nayo, kwa sababu kufungua nati hiyo kwa nyundo na patasi huiharibu, na huko mbele utaihitaji nzima. Ukiona mafuta mepesi meusi yanavuja nyuma ya gurudumu la mbele, sili ya ndani imeisha na mafuta ya difu (gia za ndani ya ekseli) yamechanganyika na grisi. Rekebisha kabla ya kuondoka.

Jambo dogo linalosahaulika ni bomba la kupumulia la difu. Difu likiwa la moto halafu likaingia ghafla kwenye maji, hewa ya ndani hujikunja na difu huvuta pumzi. Kama tundu lake la kupumulia limeziba au liko chini, litavuta maji kupitia sili, na mafuta yatageuka rangi ya chai ya maziwa. Dawa yake ni mpira wa milimita 8, unaotoka kwenye difu hadi juu ndani ya chumba cha injini, ukiwa na filta ndogo ya petroli mwishoni kuzuia vumbi. Fanya hivyo kwa difu zote mbili na giaboksi.

Springi na shokapu

Watu hupenda kuinua gari. Sentimita 5 zinatosha. Ukizidisha hapo, pembe ya propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) hubadilika, viungo vyake huanza kutetema na kuisha haraka, na uzito wote umeupandisha juu.

Springi za nyuma zichaguliwe kwa uzito uliopima, gari likiwa limejaa, si kwa kubahatisha. Springi ngumu mno kwa gari jepesi hupeleka mtikisiko wote kwenye chasisi, na hapo ndipo nyufa zinapoanza. Ukiongeza bamba moja kwenye springi za zamani, hakikisha lina mkunjo unaolingana na mengine, la sivyo litabeba peke yake na litakatika peke yake.

Kuna hitilafu moja inayostahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu inaanza kimyakimya. Springi hushikwa kwenye ekseli kwa yu-bolti nne, mbili kila upande. Katikati ya mabamba hupita boliti moja nyembamba, senta bolti, ambayo kazi yake ni kuonyesha ekseli ikae wapi. Ikifungwa springi mpya, mabamba hukaa na kujibana zaidi baada ya mtikisiko wa kwanza, na yu-bolti hulegea bila dalili yoyote. Sasa nguvu yote ya breki na ya kusukuma gari inaiangukia senta bolti, inakatwa kama kijiti, na ekseli inateleza nyuma upande mmoja. Utaona gari linakwenda upande kama kaa, usukani umepinda ilhali gari linanyooka, na tairi linagusa bodi. Kinga ni ndogo: kaza yu-bolti kwa kipimo cha kitabu cha gari baada ya kilomita 500 za mwanzo, rudia baada ya kilomita 1,000, kisha ziguse kwa spana kila jioni ya safari. Beba senta bolti mbili na yu-bolti mbili zenye nati mpya.

Shokapu huuawa na joto. Kwenye barabara iliyojikunja kama bati zinapanda na kushuka mamia ya mara kila dakika, mafuta ya ndani yanachemka, na ghafla gari linaanza kuelea. Ukisikia hivyo, simama dakika 20. Usizimwagie maji.

Matairi

Hapa usibane pesa. Kati ya South Horr na Loiyangalani, na tena kuelekea North Horr, kuna mawe meusi ya volkano yenye ncha, na yanachana ubavu wa tairi kuliko uso wake. Tafuta tairi la plai 10 (kipimo cha uimara wake), la njia mchanganyiko, saizi 235/85R16 au 7.50R16. Soma tarakimu nne za mwisho pembeni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka sita liache, hata kama meno yake bado marefu.

Rimu ya pete, ile ya 7.50 yenye tyubu, inafunguliwa porini kwa mitaimbo miwili, na ndiyo sifa yake. Lakini pete isipokaa sawasawa inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo na kuua mtu. Funga mnyororo kuzunguka rimu na tairi, jaza ukiwa umesimama kando, na mtu yeyote asiiname juu yake. Kwa njia hii tunapendelea tairi lisilo na tyubu, kwa kuwa tundu la msumari linazibwa kwa uzi wa pancha bila kulitoa tairi. Hata hivyo beba tyubu mbili za saizi yako: ubavu ukichanika, unaweka kiraka kinene kwa ndani, unatia tyubu, na unafika mjini taratibu. Akiba ziwe mbili kamili zenye rimu.

Upepo ndio unaoamua kama tairi litapona. Kwa gari lililojaa, anzia hapa:

- Lami: mbele psi (kipimo cha upepo) 36, nyuma 42.
- Changarawe na mawe: mbele 28, nyuma 32, mwendo usizidi 60, na kwenye mawe ya volkano 20 au chini yake.
- Mchanga: 18 kote, mwendo chini ya 40.
- Umekwama kabisa: 12, utoke, ujaze papo hapo.

Pima asubuhi tairi likiwa baridi, pima tena baada ya saa moja ya mwendo. Ukiona upepo umepanda zaidi ya psi 6, tairi linapata joto kupita kiasi: ama upepo ulikuwa mdogo kwa mzigo huo, ama unakimbia mno. Geji iwe yako mwenyewe na kompresa iunganishwe moja kwa moja kwenye betri. Ile ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari huunguza fyuzi kabla ya tairi la pili.

Hewa na dizeli

Futa ndani ya bomba la hewa, upande wa baada ya filta, kwa kidole. Kidole kikitoka na vumbi, injini yako inakula mchanga: tafuta kibano kilicholegea au mpira uliopasuka. Filta ipulizwe kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, usiozidi psi 30, na usiigonge chini.

Dizeli ihesabiwe hivi. Kilomita 500 kwa lita 20 kila kilomita 100 ni lita 100. Ongeza theluthi moja kwa mchanga, kupotea na kurudi nyuma, unapata 133. Tanki mbili za Land Cruiser 78, lita 90 kila moja, zinatosha ukijaza Maralal. Huna haja ya madumu juu ya paa. Ukilazimika kununua dizeli ya pipa njiani, iache itulie kwenye dumu nusu saa, mimina kupitia kitambaa safi, na robo ya mwisho usiitie kwenye tanki. Chini ya filta ya dizeli kuna koki ya kutolea maji: ilegeze, pampu kwa mkono hadi itoke dizeli safi, kaza. Fanya hivyo kila baada ya kujaza mahali usipopaamini. Beba filta mbili.

Umeme

Friji inapozimika usiku, lawama huangukia betri. Mara nyingi kosa ni waya. Waya wa milimita za mraba 1.5, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, ukipitisha ampia 8, unapoteza karibu volti nzima njiani. Betri ina 12.4, friji inaona 11.4 na inajizima ikidhani betri imekwisha. Tumia waya wa 6 na upotevu unashuka hadi robo ya volti.

Friji ya lita 40 kwenye joto la Turkana hula ampia-saa 40 hadi 50 kwa siku. Betri ya AGM (aina iliyofungwa, isiyomwagika) ya ampia-saa 100 uitumie nusu tu. Ongeza paneli ya wati 120 au zaidi na utakaa siku mbili bila kuwasha injini. Betri ya pili itenganishwe na ya injini kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au kifaa cha kuchaji, ili asubuhi gari liwake. Fyuzi iwekwe sentimita 20 kutoka kwenye betri, kwenye waya chanya, mbele ya kitu kingine chochote. Kila mahali waya unapopita kwenye bati, tia mpira wa kuzuia mchubuko. Moto wa gari huanzia hapo.

Kupakia

Vizito vikae chini, kati ya ekseli mbili: maji nyuma ya viti, zana sakafuni, spea pembeni. Vyepesi tu viende juu. Chuma kisiguse chuma, weka kipande cha tyubu ya zamani katikati. Nati zote za makabati ziwe za kujifunga zenye plastiki ndani, kwa sababu nati ya kawaida hujifungua yenyewe kwenye mikunjo ya barabara. Dumu la maji likianguka kutoka nyuma wakati wa breki lina uzito wa kilo 20, kwa hiyo weka wavu wa chuma nyuma ya viti.

Maji: lita 6 kwa mtu kwa siku kwa kunywa na kupika, na akiba ya lita 20. Ziwa Turkana ni kubwa lakini maji yake yana magadi na chumvi, usiyategemee kwa kunywa.

Rudi kwenye mizani gari likiwa limejaa. Ukizidi namba ya kibao, shusha vitu hadi utoshe.

Njiani

Nenda nje ya misimu ya mvua, yaani epuka Machi hadi Mei na Oktoba hadi Novemba. Ulizia hali ya usalama kwa polisi wa Maralal na tena Baragoi, maana wizi wa mifugo hubadilisha mambo kwa siku moja, na ushauri wa jana si wa leo. Simama saa kumi jioni, hema lisimame kabla ya giza.

Karibu na Loiyangalani upepo ni mkali sana, na si bure kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo imejengwa eneo hilo. Ukivuma kutoka nyuma yako, rejeta haipati hewa ya kutosha. Geji ya joto ikianza kupanda, simama, geuza pua ya gari ielekee upepo, acha injini izunguke polepole hadi sindano ishuke. Mfuniko wa rejeta usiuguse. Ukitaka kurudi kwa njia rahisi zaidi, kuna barabara iliyoboreshwa kwa ajili ya mitambo hiyo, kilomita 208 hivi hadi Laisamis kwenye lami ya Isiolo–Moyale.

Kwenye laga, ile mito mikavu ya mchanga, funga (lock) habu za mbele na uingize H4 (gia ya magurudumu manne ya mwendo wa kawaida) kabla hujaingia, ukiwa bado hujakwama. Shika gia ya pili au ya tatu, usibadilishe katikati, usikanyage breki. Gari likianza kuzama, ondoa mguu mara moja. Magurudumu yakizunguka mara tatu umechimba kaburi. Rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, punguza upepo, jaribu tena. Kuvutana na gari la pili, tumia kamba inayonyumbuka na shakili (pingu ya chuma ya kuunganishia kamba) ya milimita 19 iliyoandikwa tani 4.75, kwenye ndoano iliyofungwa kwenye chasisi. Usifunge kamwe kwenye tufe la chuma la kukokotea trela: hukatika na kuruka kama risasi. Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba.

Chalbi ikiwa kavu ni tambarare ya kuvutia, na dereva hujisahau. Fuata alama za magari zilizopo. Ukiona udongo umekuwa mweusi zaidi au uso unapasuka kama kaki chini ya tairi, chini kuna tope: shuka, tembea mbele hatua hamsini, chomeka kijiti. Kikizama kwa urahisi, zunguka. Mvua ikinyesha, usiingie, hata kama itakugharimu siku mbili Kalacha.

Dakika ishirini za kila siku

Kila unaposimama, gusa habu zote nne kwa kiganja. Tatu zikiwa za uvuguvugu na moja inachoma, breki imekwama au beringi inakufa, na umeijua mapema. Jioni, lala chini ya gari na tochi: tafuta mafuta yanayovuja, yu-bolti zilizolegea, mabamba yaliyopasuka, vishikio vya shokapu na nyufa kwenye chasisi, hasa mahali pa kuchomelea. Kaza nati za magurudumu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, angalia oili, maji ya rejeta na mafuta ya breki na klachi. Mafuta ya klachi yakishuka, mpira wa silinda ya chini umeisha. Seti yake ya mipira ni nyepesi, ibebe.

Ukishafika Marsabit, osha chasisi kwa maji mengi kabla ya kulala. Udongo wa Chalbi una chumvi, na ukikauka ndani ya chasisi na kwenye mabomba ya breki unaanza kula chuma siku hiyohiyo. Fungua nati ya kujazia difu, chovya kidole, tazama rangi ya mafuta. Yakiwa na rangi ya maziwa, yamwage na utie mapya hapohapo, kabla ya kushika lami kurudi kusini.